Kutoka Usaidizi wa Utafiti hadi Uzamili: Nafasi ya Mwanafunzi wa Kiswahili katika Saikolojia

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kumwelekeza mwanafunzi wa Kiswahili katika uwanja ambao wengi wetu huupita kando tukidhani kuwa si wetu, yaani utafiti wa saikolojia. Yataeleza kwa nini uwanja huo unamhitaji, nafasi za utafiti zilipo, na jinsi anavyoweza kujiandaa kwa masomo ya uzamili na uzamifu. Hoja kuu ni moja. Katika nchi ambamo akili na hisia za watu hupimwa kwa hojaji zilizobuniwa kwa Kiingereza, mjuzi wa Kiswahili si karani wa kutafsiri bali ni mtafiti. Mwanafunzi anayelitambua jambo hili mapema huwa ameianza safari ya shahada ya juu kabla hajahitimu ile ya kwanza.

Tuanze kwa kisa. Nilipokuwa mwaka wa tatu nilipata kazi ya likizo ya usaidizi wa utafiti katika kituo kimoja cha afya. Kazi yangu ilikuwa kuwasomea wagonjwa hojaji ijulikanayo kama PHQ-9, ambayo hutumiwa kupima unyogovu. Hojaji hiyo ina maswali tisa kuhusu hali ya mtu katika majuma mawili yaliyopita. Kila swali lina majibu manne: hata kidogo, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku, na karibu kila siku. Majibu hayo hupewa alama 0, 1, 2 na 3, na jumla ya juu kabisa ni 27. Katika utafiti wetu, aliyepata alama 10 au zaidi alipelekwa kwa mshauri nasaha.

Mzee mmoja nilipomsomea swali la huzuni alinijibu hivi: "Mwanangu, huzuni hii hunipanda alfajiri ikaniacha adhuhuri. Basi andika hiyo nusu ya siku." Nikaandika 2. Jumla yake ikawa 9. Nikamshukuru, naye akashika bakora yake akaenda zake.

Usiku nilipoipitia fomu ile ndipo nilipotanabahi. Nomino "siku" imo katika ngeli ya I-ZI. Umoja na wingi wake ni sawa. Waliobuni hojaji kwa Kiingereza walimaanisha zaidi ya nusu ya siku zile kumi na nne. Mzee alielewa nusu ya siku moja, tangu alfajiri hadi adhuhuri. Kwa maelezo yake mwenyewe, huzuni ilimjia kila siku, na jibu lililostahili ni alama 3. Jumla yake ingekuwa 10. Nilipomweleza msimamizi wa kazi asubuhi yake, aliniambia kuwa tafsiri ilikwisha kupitishwa na haiwezi kubadilishwa katikati ya utafiti. Mzee yule sikumwona tena.

Kosa lile halikuwa la takwimu wala la tiba. Lilikuwa kosa la ngeli. Aliyekuwa na uwezo wa kuliona kabla halijatendeka ni mwanafunzi wa Kiswahili.

2. Kwa Nini Saikolojia Inamhitaji Mwanafunzi wa Kiswahili

Mwaka 2008 mwanasaikolojia Jeffrey Arnett alichapisha uchunguzi wa majarida makuu sita ya Chama cha Saikolojia cha Marekani. Alibaini kwamba asilimia 68 ya sampuli zilitoka Marekani, na kwamba ukijumlisha nchi nyingine za Magharibi, kiwango hicho kilifika asilimia 96. Mwaka 2010 Joseph Henrich na wenzake waliipanua hoja hiyo. Walionyesha kuwa mengi yanayoitwa tabia za binadamu kwa jumla ni tabia za wachache waliosoma na kuishi katika nchi tajiri. Kwa ufupi, saikolojia ina pengo, na watu wa Afrika Mashariki wamo ndani ya pengo hilo.

Hata hivyo, Kenya si ngeni katika taaluma hii. Katika miaka ya 1960, John Whiting na Beatrice Whiting waliendesha kitengo cha utafiti wa makuzi ya watoto kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Nairobi, na wanafunzi wa Kenya walipata mafunzo humo. Mojawapo ya matunda ya kazi hiyo ni kitabu kuhusu kijiji cha Ngecha kilichochapishwa mwaka 2004. Katika miaka ya 1970, Charles Super na Sara Harkness walichunguza malezi miongoni mwa Wakipsigis wa Kokwet.

Mfano unaotufaa zaidi sisi wanalugha ni ule wa Elena Grigorenko, Robert Sternberg na wenzao, uliochapishwa mwaka 2001. Walipouliza katika jamii ya Waluo mtu mwenye akili ni mtu wa namna gani, hawakupata neno moja bali manne: rieko, luoro, paro na winjo. Rieko ni maarifa na ujuzi, luoro ni heshima, paro ni fikra na uwezo wa kuanzisha jambo, na winjo ni kuyaelewa na kuyamudu mambo ya maisha. Ni rieko pekee lililokaribiana na kile kinachopimwa na mitihani ya shule. Mtafiti ambaye angelitafsiri neno la Kiingereza kwa neno moja la Kidholuo angepoteza robo tatu ya dhana anayoitafuta.

Je, Kiswahili nacho? Tuna akili, busara, hekima, ujanja na ustadi. Tuna moyo, roho na nafsi, na kila kimoja huumwa kwa namna yake. Mtu aliyevunjika moyo si sawa na mwenye moyo mzito, wala mwenye roho ngumu si sawa na mwenye moyo mgumu. Istilahi zenyewe za kitaalamu bado zinapigania nafasi. Wako wasemao unyogovu, wako wasemao sonona, na wako wanaotumia mfadhaiko au msongo wa mawazo kwa maana hiyo hiyo. Mtaalamu wa saikolojia huliona tatizo hili, lakini zana za kulitatua zimo katika semantiki, leksikografia na nadharia za tafsiri, yaani katika masomo tunayoyafanya kila muhula.

3. Tafsiri ya Hojaji kama Utafiti

Wengi hudhani kwamba kuitafsiri hojaji ni kazi ya alasiri moja. Ukweli ni kwamba utaratibu unaokubalika una hatua kadhaa, na kila hatua inaweza kuwa mada ya tasnifu.

Hatua ya kwanza ni tafsiri yenyewe, ambayo hufaa ifanywe na watu wawili au zaidi, kila mmoja peke yake. Hatua ya pili ni tafsiri rejeshi: mtu mwingine ambaye hajaiona nakala asilia huirudisha tafsiri katika lugha ya mwanzo ili tofauti zionekane. Mbinu hii ilienezwa na Richard Brislin katika makala yake ya mwaka 1970. Ina udhaifu wake. Tafsiri sisisi ya neno kwa neno hurejea vizuri katika Kiingereza hali haieleweki kwa Kiswahili. "Zaidi ya nusu ya siku" ingerejeshwa bila kasoro yoyote, na mzee wangu angekosewa vivyo hivyo.

Kwa sababu hiyo hatua ya tatu ni jopo la wajuzi wa lugha na wa saikolojia, wanaolinganisha tafsiri na kusuluhisha tofauti. Hatua ya nne, ambayo naiona kuwa ndiyo kiini, ni mahojiano ya kupima uelewa. Mhojiwa huombwa alieleze swali kwa maneno yake mwenyewe kabla ya kulijibu. Hapa ndipo mzee angesema "alfajiri hadi adhuhuri" mbele ya mtu mwenye uwezo wa kuirekebisha hojaji, na maneno yale yangebadilishwa kuwa "zaidi ya siku saba". Hatua ya tano ni ya takwimu: kupima uthabiti, yaani kama maswali yanashikamana na kutoa matokeo yale yale, na uhalali, yaani kama hojaji inapima kile inachodai kupima. Hojaji ya PHQ-9 imekwisha kupimwa hivyo nchini. Patrick Monahan na wenzake walichapisha mwaka 2009 utafiti wao miongoni mwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI magharibi mwa Kenya.

Mitego ya kiisimu ni mingi, na inafaa tutaje mingine miwili. Wa kwanza ni ukanushi. Ukimwuliza Mswahili, "Hulali vizuri?" naye akajibu, "Ndiyo," mara nyingi anakubali kuwa halali vizuri. Karani aliyezoea Kiingereza anaweza kuandika kinyume chake. Wa pili ni swali lenye vichwa viwili. Swali la nane la PHQ-9 huuliza kama mtu amekuwa akitembea au kusema polepole, au kinyume chake, kuwa na wahaka na kutotulia. Katika maandishi sentensi hiyo husomeka. Ikisomwa kwa sauti kwa mtu asiyeiona karatasi, kichwa cha kwanza husahaulika kabla cha pili hakijafika.

Mwanafunzi anayeweza kuandika kurasa tano kuhusu mojawapo ya mitego hii, akiwa na mifano kutoka kwa wasemaji halisi, tayari ana mbegu ya pendekezo la utafiti.

4. Nafasi Zilipo

4.1 Chuoni

Mahali pa kwanza ni chuoni kwako. Wanafunzi wengi wa Kiswahili wamo katika shahada ya elimu na husoma saikolojia ya elimu kama somo la lazima. Wasilichukulie kuwa somo la kupita tu. Idara za saikolojia zipo katika vyuo kama Nairobi, Kenyatta, Daystar na USIU, na wanafunzi wao wa uzamili huhitaji wasaidizi wa kutafsiri, kuhoji na kunukuu. Mwendee mhadhiri ukiwa umesoma walau makala yake moja. Usiseme, "Daktari, naomba kazi yoyote." Sema, "Daktari, nimeisoma hojaji uliyoitumia, na nina swali kuhusu tafsiri ya kipengele cha tatu." Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

4.2 Katika taasisi za utafiti

Kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust kilichoanzishwa Kilifi mwaka 1989 kina historia ndefu ya kuchunguza makuzi ya watoto. Profesa Amina Abubakar na wenzake wametayarisha huko vipimo vya makuzi vinavyozingatia mazingira ya Pwani, na Katie Alcock na wenzake wakatengeneza orodha za msamiati wa watoto wachanga kwa Kiswahili na Kigiriama. Jijini Nairobi ipo Taasisi ya Maendeleo ya Binadamu ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, na pia wakfu wa utafiti na mafunzo ya afya ya akili ulioasisiwa na Profesa David Ndetei. Asasi za namna hii hutangaza nafasi za uwanagenzi na za wasaidizi wa nyanjani mara kwa mara. Aghalabu hutaka mtu anayeijua lugha ya eneo, anayeandika kwa usahihi na mwenye subira.

4.3 Katika data zilizo wazi

Asiyekuwa na nauli ya kwenda nyanjani asikate tamaa. Hifadhi ya CHILDES, iliyoanzishwa na Brian MacWhinney na Catherine Snow mwaka 1984, ina mazungumzo ya watoto wa lugha nyingi duniani. Miongoni mwake mna rekodi za watoto wanne wa Nairobi wanaojifunza Kiswahili, zilizokusanywa na Kamil Ud Deen, ambaye kitabu chake kuhusu upataji wa Kiswahili kilitoka mwaka 2005. Deen alionyesha kwamba watoto hao wakati mwingine huacha kiambishi cha nafsi na kusema kitenzi chenye kiambishi cha njeo pekee, na wakati mwingine huacha njeo na kubakisha nafsi. Uachaji huo una mpangilio wake, na mpangilio huo ni swali la saikolojia linalojibiwa kwa mofosintaksia. Iko pia Kopasi ya Kiswahili ya Helsinki iliyoandaliwa chini ya Arvi Hurskainen, na kwa wanaopenda saikolojia ya usomaji, ziko tathmini za Uwezo zilizoanza mwaka 2009, ambazo ziliwapima watoto kusoma kwa Kiswahili.

5. Maadili, Vibali na Haki za Msaidizi

Utafiti unaohusu watu una masharti. Nchini Kenya, sheria ya sayansi, teknolojia na ubunifu ya mwaka 2013 iliunda NACOSTI, tume inayotoa leseni za utafiti. Kabla ya kuiendea, mradi hupitishwa na kamati ya maadili iliyoidhinishwa. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inalinda taarifa za watu, na za afya hasa. Mwanafunzi asikusanye majibu ya watu kuhusu huzuni zao kwa ajili ya insha bila kibali, na asimhoji mtu kuhusu mawazo ya kujiua kabla ya kuwapo mpango wa kumsaidia atakayejibu ndiyo.

Fomu ya ridhaa nayo ni maandishi ya Kiswahili, na mara nyingi ni maandishi mabovu. Mtu hawezi kuridhia asichokielewa. Kuiandika upya fomu hiyo kwa Kiswahili fasaha na chepesi ni mchango wa kimaadili, si urembo.

Lakini haki ina pande mbili. Wanafunzi wetu wamezoea kupewa hojaji saa tisa alasiri na kuombwa tafsiri kufikia kesho yake, kwa ujira wa soda, na jina lao lisitajwe popote. Jambo hili halifai. Kabla ya kuanza, uliza mambo matatu bila haya: malipo ni kiasi gani, nitatambuliwa vipi katika ripoti, na je, naweza kutumia nilichojifunza katika tasnifu yangu? Mtafiti mwaminifu hatakasirika. Mgala muue na haki yake umpe.

6. Maandalizi ya Shahada za Juu

6.1 Kuchagua njia

Kwanza, tofautisha utafiti na tiba. Anayetaka kuwa mshauri au mwanasaikolojia wa kutibu anahitaji mafunzo maalumu na usajili, kwa mujibu wa Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014. Shahada ya uzamili katika isimu haitampa ruhusa hiyo hata kama tasnifu yake ilihusu unyogovu. Anayetaka utafiti ana njia mbili. Anaweza kubaki katika idara ya Kiswahili au isimu na kuandika tasnifu kuhusu saikolojia ya lugha, akiwa na msimamizi wa pili kutoka idara ya saikolojia. Au anaweza kuhamia saikolojia, ambako huenda akatakiwa kuziba mapengo kwa masomo ya msingi, hasa takwimu na mbinu za utafiti.

6.2 Takwimu

Hapa ndipo wengi wetu hukimbia. Nami nilikimbia, hadi nilipogundua kuwa sikuweza kuisoma nusu ya pili ya makala yoyote ya saikolojia. Anza mwaka wa pili. Programu ya R haina malipo, na JASP, ambayo ni nyepesi zaidi kwa anayeanza, vilevile haina malipo. Wastani, mchepuko sanifu, uhusiano wa vigeu na jaribio la t vyatosha kwa mwanzo.

6.3 Hati na barua

Maombi mengi hudai hati ya matokeo, wasifukazi, maelezo ya nia, pendekezo la utafiti na barua za mapendekezo, mara nyingi mbili au tatu. Kati ya hizo, barua ndizo huwakwamisha wengi, kwa kuwa haziwezi kutengenezwa katika juma la mwisho. Mhadhiri aliyekuona darasani tu ataandika kwamba ulipata alama nzuri. Mhadhiri uliyemsaidia kunukuu mahojiano ishirini ataandika jinsi unavyofikiri. Mwombe mapema, walau majuma sita kabla ya tarehe ya mwisho, na umpe nakala za kazi zako.

Katika maelezo ya nia, epuka kuanza na utoto wako na hamu yako ya kuisaidia jamii. Anza na swali. Baada ya kisa cha mzee, niliandika ukurasa mmoja kuhusu neno "siku" na kumpelekea mhadhiri wangu wa semantiki. Aliurudisha ukiwa na wino mwekundu kila mahali na maneno haya chini: "Tafuta mifano mingine tisa." Mifano hiyo ndiyo iliyokuwa pendekezo langu la uzamili, na mhadhiri huyo ndiye aliyeniandikia barua.

6.4 Ng'ambo na udhamini

Nchini Marekani, programu nyingi za uzamifu wa saikolojia ya utafiti hupokea wenye shahada ya kwanza moja kwa moja, hudumu miaka mitano au zaidi, na aghalabu humlipia mwanafunzi karo na posho kwa kazi ya kufundisha au kusaidia utafiti. Idara nyingi zimeacha kudai mtihani wa GRE, ila hakikisha kwa kila idara. Kinachozingatiwa sana ni kulingana kwa swali lako na kazi ya msimamizi, hivyo soma makala zake kabla ya kumwandikia. Uingereza, uzamili kwa kawaida huchukua mwaka mmoja. Udhamini wa Chevening hugharimia masomo hayo, lakini hudai uzoefu wa kazi wa miaka miwili na kurejea nyumbani kwa miaka miwili baadaye. Upo pia udhamini wa Jumuiya ya Madola, na wa DAAD kutoka Ujerumani. Masharti hubadilika mwaka hadi mwaka; yasome kutoka kwa watoaji wenyewe, na mtu yeyote anayekudai pesa ili akupe udhamini mkimbie.

7. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba saikolojia ina hojaji nyingi na wajuzi wachache wa lugha zinamotumiwa. Mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kuanza na alicho nacho: sikio la lugha, daftari na mhadhiri mmoja atakayekubali kumsoma. Ni jukumu pia la wahadhiri wetu kuzifungua idara zao, ili tasnifu ya semantiki isimamiwe kwa pamoja na saikolojia bila kuonekana kuwa mwana wa kambo. Na matokeo yake yaandikwe kwa Kiswahili vilevile, katika majarida kama Mulika na Swahili Forum, ili mwanafunzi ajaye asianze upya.

Yule mzee alijibu swali aliloulizwa, tena kwa ufasaha kuliko waliolitunga. Aliyekosa ni sisi tuliomuuliza. Hojaji nyingine zinatafsiriwa hivi sasa, na kwa kila moja kuna mgonjwa atakayesimama kati ya 9 na 10. Inafaa awepo mezani mtu anayejua kuwa siku ni siku katika umoja na katika wingi.